Msichana wa Bursi

Habari ya bursi ilitolewa misheni kwetu Masisi, Jumapili moja baada ya misa. Sista mkubwa alisema kwamba msichana aliyemaliza shule ya msingi angeweza kwenda Bukavu kusomea kazi ya kulea watoto wasio na mama, na kwamba masomo, chakula, nguo na kitanda vingelipwa na bursi hiyo. Sharti lilikuwa moja: kila mwaka wa shule angeulipa kwa mwaka wa kazi, popote atakapotumwa.

Baba yangu alikuwa mkulima wa maharagwe na hakuzoea kupewa kitu bure. Alimngoja sista nje ya kanisa.

"Na kama mutoto anaacha kazi mbele ya kumaliza?"

"Utarudisha yenye tulimulipia, Papa."

"Basi iko deni."

"Njo deni," sista akakubali.

Nadhani jibu hilo ndilo lililomtuliza. Shangazi yangu alipinga; alisema hakuna mwanamume atakayengoja miaka yote hiyo. Mama alikuwa akichambua majani ya sombe. Alitaja tu mdogo wake aliyefariki akijifungua, na kichanga tuliyemnywesha uji mwepesi kwa kijiko, akafa kabla matanga hayajaisha. "Kama kungekuwa muntu mwenye kujua," alisema. Shangazi akaketi, akamsaidia kuchambua.

Nilishuka kwa miguu hadi Sake pamoja na baba, nikapanda lori la kahawa lililopita kando ya ziwa. Bukavu tulijifunza kuogesha watoto, kuchemsha chupa, kupima homa, na kuingia nyumba ya mtu bila kumwaibisha. Nilipewa viatu vyangu vya kwanza. Rafiki niliyelala naye chumba kimoja aliacha masomo ili aolewe. Mchumba wake akailipa shule, kisha akapunguza fedha hiyo katika mahari. Baba wa msichana alikasirika hadi akakataa kuhudhuria harusi. Sisi tuliobaki tulilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu.

Nilipomaliza nilitumwa Walikale, kwenye nyumba ndogo ya yatima iliyoendeshwa na masista. Mtu wa milimani huona vigumu kuuzoea msitu: nguo hazikauki, na huoni mbali. Kazi yenyewe haikunishinda. Watoto walikuwa wengi, sisi walezi tulikuwa wachache, na kila kitu kilifuata saa.

Siku moja sista aliyetuongoza alinituma Itebero kumchukua kichanga aliyefiwa na mama. Nilifuatana na muuguzi wa zahanati. Tulimkuta mtoto mapajani mwa bibi yake, mwanamke mwembamba aliyekuwa akimpa titi lisilo na maziwa ili anyamaze.

"Koko," nilimwambia, kama tulivyowaita mabibi, "tunakuja kumubeba. Kule kuko maziwa."

"Atarudia lini?"

"Akianza kukula bugali."

"Siku hiyo atajua mimi ni nani?"

Muuguzi alianza kumweleza habari za kuhara na maji machafu. Yote yalikuwa kweli. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lilelile. Shuleni tulikuwa tumefundishwa namna ya kumpokea mtoto, si namna ya kumrudisha.

"Kuja naye," nikamwambia.

Muuguzi alinitazama. Bibi aliingia ndani, akatoka na mkeka na kisu, akafunga mlango kwa kamba.

Sista alitukuta uani. "Nilikutuma kuleta mutoto," alisema.

"Huyu hapa, Masera," nikamjibu, maana masista tuliwaita hivyo. "Na huyu njo koko yake."

Alinipeleka pembeni. Hakupandisha sauti. Alisema nyumba haikuwa na chakula cha watu wazima, na kwamba mtu aliyesomeshwa na bursi hachagui agizo la kutimiza. Angeweza kuandika kwamba sifai, nami nilijua nani angedaiwa. Niliogopa. Niliwazia shamba la baba likiuzwa. Hata hivyo nilimwambia kwamba bibi anaweza kula katika sehemu yangu ya chakula, mpaka sista aamue.

Hakuamua. Wiki zikapita. Bibi alilala katika ghala la mihogo, akafua nguo za watoto, akamnywesha mjukuu wake kwa chupa nilizochemsha. Mtoto alinenepa. Baadaye bibi wa pili aliruhusiwa kukaa. Wa tatu, aliyekuwa na kikohozi, alikataliwa, na mjukuu wake akabaki peke yake. Nilibishana juu yake nikashindwa.

Mtoto wa Itebero alipoanza kutembea, bibi alisema sasa inatosha. Sista mwenyewe ndiye aliyemwomba dereva wa lori awapakie mbele, si nyuma juu ya magunia. Mtoto alilia kwa sababu ya kelele ya mota. Bibi alimziba masikio kwa viganja vyake, na gari likaondoka.

Miaka yangu ya deni iliisha masika yaliyofuata. Sista aliniita ofisini akaniuliza kama nataka kurudi Masisi.

"Nitabakia," nikasema, "lakini kwa mushahara."

Alifungua daftari. "Mushahara wa mulezi iko kidogo."

"Najua, Masera."

Akaandika jina langu, nami nikarudi kwa watoto, maana saa ya maziwa ilikuwa imefika.