Loisi na Malkia Anayetolewa Mapema

Loisi alijifunza sataranji akiwa sekondari, akaisahau, kisha akairudia kwenye simu baada ya baba yake, mzee Sadoki, kupata kiharusi. Wakati huo alikuwa na mgahawa mdogo Tunduma, karibu na maegesho ya malori. Aliufunga akarudi kwao Isansa kumuuguza. Mama yao alishafariki, na kaka yake, Osea, alisema kazi ya kupitisha mizigo mpakani haimpi nafasi.

Alicheza mchana, baba akisinzia, yeye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa chumba cha mgonjwa. Michezo ya haraka hakuiweza. Akianza tu kufikiri, anaitwa: amgeuze baba, alete maji, afukuze kuku walioingia ndani. Kwa hiyo alichagua ile ya polepole, ambayo mchezaji hupewa siku nzima kusogeza kete moja.

Waliozoea kucheza naye walimjua. Alimficha mfalme mapema, akawasogeza askari wake taratibu kama mtu anayepalilia mahindi, na akipata nafasi tu, alibadilishana malkia na mpinzani, wote wawili wakatoka mchezoni. Alifanya hivyo hata pale malkia wake alipokuwa na nguvu zaidi. Baada ya hapo aling'ang'ana. Ukimwomba sare, hajibu.

Hezron, mwalimu wa Kamsamba ambaye hawajawahi kuonana, alimwandikia siku moja: "Dada, mbona kila mara unakimbilia kumtoa malkia? Ungemwacha, huenda ungenishinda."

"Akiwepo lazima nimlinde," Loisi akajibu. "Nimechoka kulinda."

Hezron alisogeza farasi.

Alasiri moja Loisi alikuwa anaelekea kumshinda huyo Hezron, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Aliinamia simu. Baba aliita. Hakusikia, au alisikia akaona ataita tena. Kilichomshtua ni kishindo. Mzee alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, shuka limelowa.

"Nimekuita," alisema, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Nimekuita mpaka sauti imekauka."

"Nisamehe, Baba."

Hakuwa ameumia. Lakini Loisi alijaribu kumwinua akashindwa, akajaribu tena, mwishowe akaketi naye sakafuni, wameegemea ukuta wote wawili, wanahema. Mzee akaiona simu karibu na mguu wake.

"Ndicho ulichokuwa unatazama?"

"Ndicho."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Mzee Sadoki, ambaye ujanani alicheza drafti mpaka watu wakamkimbia, aliuliza kila kete inaendaje. Kisha, kwa kidole cha mkono uliobaki mzima, akaisukuma ngome ya Loisi katikati ya maadui. Hezron akaila. Mchezo wote ukaharibika, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Loisi alifurahi siku ile. Wiki iliyofuata furaha ilikuwa imekwisha. Baba hakusinzia tena mchana. Alitaka simu, na alitaka Loisi amshikie. Alicheza ile michezo ya haraka kwa pupa, akashindwa, akadai mwingine. Ile saa ya ndoo mlangoni, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa yake, ikapotea.

Akampigia Osea.

"Kaka, njoo."

"Loisi, wiki hii mizigo..."

"Sikuombi hela wala dawa. Njoo ukae na Baba, mimi nilale."

"Nakuja," Osea akasema.

Alifika Jumamosi. Loisi alimwonyesha nguo za kubadilisha, namna ya kumgeuza mgonjwa na uji ulipo, akaingia chumba cha mama akajilaza bila hata kuvua kanga. Aliamka jua la Jumapili likiwa dirishani. Simu ilikuwa kwa Baba, wala hakuitamani. Kabla hajajilaza, Osea alikuwa ameahidi kuja kila mwisho wa juma. Na kwa kweli, miezi iliyofuata, ingawa mara nyingine alichelewa, alikuja.

"Loisi!" baba akaita asubuhi hiyo toka chumba cha pili.

"Niko hapa mimi, Baba," ilijibu sauti ya Osea, nzito kwa usingizi. "Unataka nini?"

Loisi akageukia ukutani, akavuta blanketi.