Mzizi wa Kando ya Pipa

Muda wote aliokuwa mke wa Wilf Gittins, Thirza aliamka kila asubuhi akatazama viazi. Wilf alikuwa mtu wa mistari. Viazi mstari, vitunguu mstari, kabichi mstari, na kamba imevutwa toka kijiti hadi kijiti ili karoti isije ikajisahau ikaota pembeni. Ua aliloliruhusu ni moja tu, waridi la mlangoni, na hilo ni kwa vile alilikuta.

Thirza alikuwa dereva. Alipeleka chakula cha mchana kwenye shule za vijijini huko Shropshire, Uingereza, masufuria yakigongana nyuma ya gari, na kupitia kioo cha gari lile alizitazama bustani za wenzake. Zile za nyumba ndogo za kizamani, unazijua, ambamo maua yamesongamana kama watu siku ya mnada, marefu yanachungulia juu ya mafupi, na kabichi imejikalia katikati yao bila haya. Alizitamani, lakini hakumwambia mtu. Utamwambia nani, na mumeo ameshika kamba?

Wilf akafariki. Thirza akaomboleza majira yote ya baridi, na theluji ilipoyeyuka akachukua unga wa ngano jikoni, akatoka nje, akaanza kuumwaga juu ya udongo kidogo kidogo. Clem Hotchkiss, jirani wa upande wa pili wa ugo na rafiki wa marehemu tangu ujana, akaegemea mti akamtazama.

"Shemeji, siku hizi mkate unaoka chini?"

"Nachora njia."

"Njia gani imepinda hivyo? Ulikuwa baa?"

"Nimechoka na kunyooka, Clem."

Clem akacheka mpaka akakohoa. "Wilf akiiona hiyo atafufuka. Atakuja na kamba yake."

Lakini kesho yake alileta matofali chakavu kwa toroli, akamsaidia kuyapanga juu ya ule unga. Njia ikatoka langoni, ikazunguka kama mtu asiye na haraka, ikafika mlango wa jikoni. Thirza akapanda lavenda kando kando yake, ili sketi ya mpitaji iiguse na harufu iamke. Ukutani akaweka yale maua marefu yanayosimama kama fimbo. Chini yake yale ya vikombe vinavyoinama, ambamo nyuki huingia mzima mzima. Katikati akachomeka maharage, saladi na vitunguu vyake, popote palipobaki wazi, maana sheria ya bustani ile ni kwamba udongo usionekane.

Sheria nyingine ni kwamba hununui mche ambao jirani anao. Miche ilimjia juu ya ugo, imefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, vipande vilivyokatwa kwa jembe kutoka shina la mama. Hakuna aliyeandika jina. Ukiuliza, unaambiwa, "Litachanua, utalijua." Ndivyo wanavyofanya pale, na ndivyo mama zao walivyofanya.

Dada yake, Nesta, ambaye aliolewa ng'ambo ya mpaka wa Wales, alimletea ua kutoka bustani yake mwenyewe. Ni ua la rangi ya bluu iliyokolea, lenye umbo la kofia ya mtawa, na ndivyo wanavyoliita.

"Hili lina sumu kuanzia mzizi mpaka ncha," Nesta akasema. "Vaa glavu. Na usilipande karibu na kitu kinacholiwa."

"Sawa, dada."

"Usiseme sawa, Thirza. Nisikilize."

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Ila macho yake yalikuwa yameshafika kwenye pipa la maji ya mvua, kando ya mlango wa jikoni, mahali penye unyevu na kivuli cha nusu siku. Aliona ile bluu ikisimama mbele ya waridi la mlangoni, akaona kabisa, kama mtu aonavyo gauni dukani na mwili wake umo ndani. Pale palikuwa na figili kali, ule mzizi mweupe unaosagwa na kuchanganywa na malai na siki, wa kulia nyama ya ng'ombe siku ya Jumapili. Majani yake ni mapana na hayana sura. Thirza akaing'oa yote, akaitupa, akapanda kofia ya mtawa. Alivaa glavu. Alijisifu hata kwa kuvaa glavu.

Sasa ile figili haikuwa yake peke yake. Wilf na Clem waliipanda pamoja, na kila majira ya baridi, majani yakishakauka na nguvu zote zimerudi mzizini, Clem alipita kwenye pengo la ugo, akachimba mzizi mmoja, akaenda zake. Hakuomba, na kuomba kungekuwa matusi. Na Thirza, aliyemwonyesha kila mtu kijijini ile bluu ilipochanua, hakukumbuka kumwambia Clem kwamba figili haipo tena. Maua yakapukutika. Baridi ikaja, ikaua kila kilicho juu ya ardhi, na kando ya pipa pakabaki vikonyo vya kahawia ambavyo mtu angevidhania vya mmea wowote.

Jumapili moja ya Januari, Thirza alirudi kutoka kanisani, akabeba ndoo ya majivu kwenda kuyamwaga nje. Barafu nyembamba ilikuwa imefunika bustani yote, nyeupe, imetulia. Isipokuwa kando ya pipa. Pale palikuwa na shimo dogo, udongo mweusi umetapakaa juu ya weupe, na nyayo za buti zinatoka shimoni kwenda kwenye pengo la ugo.

Aliweka ndoo chini. Aliiweka polepole sana, kana kwamba akiigonga kuna kitu kitasikia. Akatazama shimo, akatazama nyayo. Harufu ya nyama ya kuoka ilikuwa imeshavuka ugo.

Hakumbuki alivyopita kwenye lile pengo. Koti lilichanika begani na hakujua mpaka jioni. Aliusukuma mlango wa jikoni wa akina Hotchkiss, akawakuta: Avril, mke wa Clem, amesimama anamimina mchuzi, na Clem amekaa na kisu chake mkononi. Katikati ya meza palikuwa na bakuli dogo lenye rojo jeupe.

"Karibu shemeji," Clem akasema. "Pua yako nzuri. Avril, ongeza sahani."

"Clem, umechimba wapi?"

"Wapi tena? Pale pale pa siku zote. Ila figili yenu mwaka huu imelegea. Nimeisaga karibu yote, chozi halikunitoka hata moja."

"Amejisifu tangu asubuhi," Avril akasema. "Eti safari hii kawa mwanamume."

Thirza alilivuta bakuli, akalikumbatia kifuani kama vile mtu angemnyang'anya. "Mmekula?"

"Sisi bado hata sala," Avril akasema. "Una nini wewe? Umekuwa mweupe."

"Clem. Umeionja?"

"Nimelamba kijiko tu. Mara mbili hivi, natafuta ukali, siuoni." Akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akajipangusa tena. "Ila midomo inanicheza. Kama nimetoka kwa daktari wa meno."

Kisu kikamponyoka kikaanguka kwenye sahani. Clem akakitazama, akavitazama na vidole vyake, akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeelewa.

"Siyo figili," Thirza akasema. "Nimepanda sumu pale. Avril, ni mimi. Ni sumu."

Gari la wagonjwa lingetoka mjini, lije, kisha lirudi, barabara ile ile mara mbili, na barabara yenyewe ilikuwa kioo cha barafu. Avril hakujua kuendesha. Thirza hakuwa amegusa usukani tangu alipostaafu. Akachukua funguo za Clem msumarini, akafunga kipande cha mzizi kilichobaki katika kitambaa cha vyombo, wakamweka Clem kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani kwa mkewe.

Aliendesha akiwa hajivunii chochote. Kila kona aliona gari limeshaserereka mtaroni na wote watatu wamekufa kwa ua moja la bluu. Nyuma, Clem alisema baridi imemwingia usoni. Baadaye akasema hauhisi uso. Akatapika. Kisha akaacha kusema, na hicho ndicho kilichomtisha Thirza kuliko yote, maana Clem Hotchkiss hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Anapumua?"

"Tazama barabara," Avril akasema.

"Avril, niambie kama anapumua."

"Anapumua. Tazama barabara, Thirza."

Hospitalini daktari aliufungua ule mzizi, akaufunga tena haraka. Akawaambia ukweli: hakuna dawa inayoipiga sumu hii yenyewe. Wangeulinda moyo wake, usije ukapotea njia, mpaka mwili ujisafishe. Kama moyo ungekubali kulindwa. Wakamsukuma Clem ndani, milango ikajifunga.

Basi wakakaa kwenye benchi, wanawake wawili waliokopeshana sukari maisha yao yote, na kati yao nafasi ya mtu mmoja. Avril hakulia wala hakumtazama. Thirza alitaka atukanwe. Aliona angepumua kidogo kama angetukanwa. Alikumbuka alivyochagua mahali pale kama mtu anayechagua pazia, akakumbuka na saladi alizochomeka jirani na ule mmea, alizochuma majira yote ya joto akawagawia watu. Kila mara alipofumba macho aliliona bakuli. Dakika chache tu zaidi kanisani, wimbo mmoja zaidi, Avril naye angekuwa ndani ya milango ile.

"Nesta aliniambia," akasema. "Aliniambia kabisa."

"Nyamaza, Thirza. Siwezi kukusikiliza wewe na kuisikiliza ile milango."

Asubuhi Avril aliitwa. Alikaa kule muda mrefu. Aliporudi, alisimama mbele ya Thirza, uso umechoka, hauna jibu wala upande huu wala ule, na Thirza akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Anataka chai," Avril akasema. "Na analalamika kwamba mkate wao ni mkavu."

Avril akakaa, safari hii karibu naye.

"Sitakwambia kwamba si kitu, shoga. Nilikuwa nahesabu pumzi zake ndani ya gari lile. Nimekasirika, na nitakasirika kwa muda."

"Kasirika."

"Nitakasirika. Lakini twende, hatujanywa chai tangu jana."

Ardhi ilipolainika Clem na Avril walikuja wote wawili, Avril ameshika jembe lake, wakachimba kando ya pipa na glavu zimewafika viwikoni. Walichimba kina kirefu kuliko ilivyohitajika. Walitoa mizizi, wakatoa na udongo, wakachoma na vile vikonyo. Thirza alitaka kung'oa bustani nzima, arudishe viazi. Avril akamwambia asiwe mjinga, hata viazi vina majani ya sumu.

Kisha ikaja Jumapili ambayo Thirza aliwaalika wao kula kwake. Alioka nyama. Hakuweka rojo lolote mezani, haradali tu ya kopo la duka, nayo aliifungua mbele yao. Clem alikuwa amepungua, shingo inacheza ndani ya kola, lakini maneno yalikuwa yamemrudia yote. Akakata kipande, akakipeleka mdomoni. Thirza akatazama midomo yake. Akatazama vidole vyake kwenye uma. Akasikiliza anavyotafuna.

"Shemeji," Clem akasema, "ukinitazama hivyo nitashindwa kumeza."

"Samahani. Unahisi midomo?"

"Naihisi. Inahisi nyama yako haina chumvi."

Avril akamsogezea chumvi. Thirza akacheka, akainamisha macho kwenye sahani yake. Clem alipochukua kipande cha pili, Thirza akayainua macho tena.