Sufuria ya Mama Nyuma ya Kioo

Jumba la makumbusho la hapa kwetu Gisenyi lilijaa mikuki na ngoma, lakini halikuwa na kitu hata kimoja cha sisi tuliorudi kutoka Kongo. Nilikasirika, nikambembeleza mama atoe sufuria aliyovuka nayo mpaka wa Grande Barrière kichwani tuliporudi.

Aliileta imejaa maharagwe ya moto. Mhifadhi wa jumba akakataa: chakula huleta wadudu.

"Mi siwezi kupatia mutu sufuria tupu," mama akasema, akageuka kurudi nayo nyumbani.

Nikamzuia, nikatafuta vijiko. Tulikula palepale mlangoni, mhifadhi naye akala.

Leo sufuria iko nyuma ya kioo, imesuguliwa ikang'aa. Ndani mama alitia punje moja kavu ya maharagwe. Hakuna anayethubutu kuitoa.