Zamu ya Mke Mdogo

Mimi nimeishi uke wenza miaka kumi na tisa pale Kilwa Kivinje, na mke mkubwa nilikuwa mimi. Wivu naujua. Unaanzia tumboni, unapanda kifuani, unakaa. Nilidhani niliuzika pamoja na marehemu mume wangu. Kumbe ulikuwa unanisubiri Uholanzi.

Binti yangu ameolewa huko. Ana mtoto mmoja wa kiume, wa miaka minne, na tangu azaliwe nilikuwa namwona kwenye simu tu. Nilipofika nikamwita kama bibi yeyote wa kwetu anavyomwita mjukuu wake wa kiume: mume wangu. Nikamfundisha na yeye aniite mke wangu. Lakini mchana alikuwa shuleni, na jioni anarudi hoi, anasinzia na kijiko mdomoni. Kwa hiyo mkwe wangu alipokodi boti yenye vitanda na jiko, tutembee kwenye mifereji yao siku sita, nilisema moyoni, hapa sasa nampata. Kwenye mkoba nilificha kopo la korosho, nilizozichoma na kuzibangua kwa mikono yangu.

Siku ya pili tukafunga boti kwenye mji mdogo. Sisemi uongo, mji ule uliniudhi. Ni mkongwe kama Kivinje, ila nyumba zao zimesimama wima na madirisha yanang'aa, wakati zile za kwetu za enzi ya Wajerumani miti imeota ukutani na popo ndio wenye nyumba. Hata maji. Yetu yakipwa unatembea kwenye tope hadi magotini. Yao hayapwi wala hayajai, yametulia mlangoni kwa mtu kama yameajiriwa.

Hapo ndipo anapoishi mama mzazi wa mkwe wangu. Alikuwa amesimama ukingoni anatungoja. Mjukuu alipomwona aliruka kabla kamba haijafungwa, anaita, "Oma, Oma," ndiyo bibi kwa lugha yao. Mimi sijarukiwa hivyo hata siku moja. Mwanamke ana miaka sabini na mbili, mimi sitini na sita, na magoti yake mazima. Ana baiskeli yenye sanduku mbele. Akamtia mtoto sandukuni, akazunguka naye mji mzima, sisi tunafuata kwa miguu kama watu waliochelewa maziko.

Nyumbani kwake alitupa kahawa na biskuti moja moja, kisha akafunga kopo lake. Nikaona niweke mambo sawa mapema.

"Mwambie mama mkwe wako," nilimwambia binti yangu, "huyu mtoto ni mume wangu. Mimi ndiye mke mkubwa, yeye ni mdogo."

"Mama, jamani. Huku hawana utani huo."

"Wewe tafsiri."

Akatafsiri, uso umemwiva. Yule mama akaweka kikombe chini, akafikiri, akauliza jambo.

"Anauliza, mke mkubwa ni yule mwenye umri mkubwa, au ni yule aliyeanza?"

"Aliyeanza."

Yule mama akasema maneno machache, taratibu, akatabasamu. Binti yangu akawa anaikodolea macho biskuti yake.

"Anasema siku mtoto anazaliwa, yeye ndiye aliyempokea kutoka kwa nesi. Kwa hiyo samahani sana, mdogo ni wewe."

Mimi niliyempokea mke mwenzangu mlangoni kwa ubani, leo mdogo ni mimi, tena ugenini.

Lakini mke mdogo ana silaha yake, na mimi ilishanipiga: anakuja na mapishi mapya. Nikafungua kopo la korosho. "Njoo, mume wangu." Akaja mbio, akala, akafumba macho kwa utamu. Nikamtupia yule mama jicho. Halafu mtoto akachota viganja viwili vizima, akampelekea Oma wake.

Baba wa watoto wangu alikuwa vilevile. Akipikiwa vizuri kwa mdogo, ananiletea sahani mimi, na mimi nakula nimenuna. Yule mama alikula bila kununa, akaomba tena.

Asubuhi tulipojiandaa kuondoka, mtoto akasema anabaki. Kwetu mtoto wa miaka minne haulizwi, anabebwa. Kule walimchuchumalia, wakamuuliza vizuri, naye akaonyesha kidole nyumba ya Oma. Siku nne zilizobaki zilikuwa zangu. Baada ya hapo shule, kisha ndege yangu.

Binti yangu aliniona. "Mama, ukitaka tutamchukua hata akilia."

Nilitaka. Wallahi nilitaka abebwe akipiga mateke. Lakini miaka kumi na tisa sikuwahi kuvunja zamu ya mwenzangu hata siku nilipokuwa nachanika roho, na sikutaka kuanza uzeeni.

"Mwache," nikasema. "Zamu yake."

Boti zile zinakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Yule mama akatufuata ukingoni na baiskeli yake, mtoto sandukuni, mpaka kwenye daraja linaloinuliwa ili boti zipite. Pale ikabidi wasimame. Tulipokuwa tunapita, nikasikia sauti ya mtoto, kwa Kiswahili safi, mji mzima unasikia:

"Mke mdogooo!"

Sijui nani alimfundisha neno hilo la pili. Namjua, ndiye mwenye baiskeli, ila nasema sijui.

"Abee, mume wangu," nikaitika.

Daraja likashuka nyuma yetu. Nikaingia ndani nikala korosho zilizobaki, peke yangu, zote.