Vidonge vya Kulipa

Bibi yangu hasikii la daktari, hasikii la mama, la shehe anasikia nusu. Utani wangu ndio alioupokea kama hukumu. Jamani!

Tulikuwa Kilosa, mwezi wa Ramadhani. Bibi ana presha, na mama, anayepikia madereva wa malori kule Mikumi, alikuwa akimtumia dawa kwa basi. Tangu mambo yawe ruksa, Mikumi maduka ya dawa yamechipua kama uyoga. Kidonge kimoja kwa siku, basi. Bibi akavifungia vyote kwenye kopo la maziwa, eti vitamharibia saumu.

"Si umeze wakati wa daku, Bibi?"

"Kikikaa tumboni mpaka mchana, si ndiko kula mchana huko, mke mwenzangu?"

Nilichoka. Nikamwambia huku napepeta mchele, "Basi ukimaliza Idi uvilipe, kama tunavyolipa siku zetu tusizofunga."

Nikacheka peke yangu. Ilinipasa nishtuke pale pale, maana bibi yangu hatupiwi utani akakosa kuurudisha.

Idi tukaenda kula kwa mama, Mikumi. Siku ya nne asubuhi nikamkuta ameketi kitandani, anahema kama amekimbizwa na tembo. Kifua kinachemka kama sufuria ya maharage. Miguu imevimba, kandambili haziingii.

"Lala, Bibi."

"Nikilala nazama."

Mama akasema ni vumbi la barabarani. Dereva mmoja, sahani ya wali mkononi, akasema hiyo pumu, anywe mafuta ya taa kijiko kimoja. Mafuta ya taa! Nilitamani kummwagia mchuzi.

Hospitali wakampiga picha: mapafu yamejaa maji. Presha nayo, ile iliyozoea kupanda, imeshuka hadi mikono ya baridi. Wakamwekea hewa ya mtungi na dripu ya kuinua presha. Nikaona midomo inazidi kuwa ya kijivu.

Daktari akainama. "Shikamoo Bibi. Dawa ya presha unakunywa vingapi?"

"Marahaba. Kwa siku kimoja."

"Una hakika?"

"Kwa siku kimoja, mwanangu."

Aliulizwa mara tatu, akajibu mara tatu, na mara ya tatu sauti haikufika hata mwisho wa kitanda. Kopo alikuwa nalo, amelifunga kwenye pindo la kanga. Nikalifungua. Vidonge thelathini vya Ramadhani vilikuwa vimebaki kumi na tano.

"Bibi, ulikuwa unavilipa?"

"Vitano vitano, viishe kwa siku sita," akanong'ona, pumzi zikikatika. "Na cha leo pembeni. Si umenifundisha wewe?"

Kwa hiyo hakusema uongo! Kila siku kimoja, ila siku nyingine zilikuwa za mwezi uliopita. Nilitaka kulia, nilitaka kumfinya. Mama alikuwa kasimama pale pale, na nilijua nikifungua mdomo nimekwisha. Nikaufungua.

"Daktari, anameza sita kwa siku, alianza kesho yake Idi, leo siku ya tatu. Nilimwambia mimi. Nilikuwa natania."

Mama hakunipiga. Aliniangalia tu, heri angenipiga. Daktari akaifunga dripu kwa mkono wake, akisema maji yale sasa yanakwenda kifuani, akaagiza sindano badala yake. Siku mbili nilikaa pembeni ya kitanda nikisikiliza kile kifua kikichemka, bila kuwa na neno la kuchekesha. Siku ya tatu Bibi akalala chali mwenyewe, akakoroma kama treni inayoingia Kilosa.

Tuliporudi nyumbani, kopo likawa langu. Asubuhi ya kwanza nikampa kimoja. Akakigeuzageuza kiganjani.

"Mke mwenzangu, zile siku za hospitali, walizonikataza hivi... nazo nazilipa?"

Jibu lilinijia tayari, tamu kabisa, pale kwenye ncha ya ulimi.

"Hapana, Bibi."

"Waapa?"

"Wallahi, Bibi. Meza."