Walipotoka kwa Haraka

Nilifanya kazi za ndani Ansab, Maskati, kwa bibi mmoja mzaliwa wa Unguja. Pasaka ilipokaribia, aliniuliza ilianzaje. Nikamweleza kuwa kabla ya kuwa yetu Wakristo ilikuwa sikukuu ya Wayahudi, ya kukumbuka walivyotoka Misri na Nabii Musa kwa haraka, hata unga wao haukuwahi kuumuka.

Bibi akasema:

“Na sisi tulitoka Unguja hivyo hivyo, wakati wa mapinduzi, mwanangu. Nlikuwa mdogo. Mama akanambia nende, yeye atafuata.”

“Akafuata?”

“Hata kaburi lake silijui lilipo.”

Akalia. Nami nikamlilia binti yangu, niliyemwacha Uganda amelala, bila kumuaga. Mchana nilimpigia simu. Akaniita shangazi.