Mkono wa Nani Ukutani?

Timazi aliipita nyumba yake mwenyewe mchana kweupe. Alikuwa na begi begani na mfuko wa vifaa mkononi, na alikwenda hatua kama ishirini mbele kabla miguu haijamwambia kuna jambo. Akasimama. Akageuka. Mtaa ulikuwa uleule: saluni ya msusi yenye pazia la shanga mlangoni, kibanda cha mshona viatu chini ya nguzo ya umeme, mtaro wenye maji ya sabuni. Lakini pale alipoiacha nyumba yake ya matofali matupu, yaliyolambwa na mvua mpaka yakaota mashimo, palikuwa na nyumba yenye kuta laini kama ganda la yai.

"Fundi, umepotea kwako?" mshona viatu alimwita, uzi ukiwa bado midomoni. "Ndiyo hiyohiyo. Karibu nyumbani."

Timazi alirudi taratibu, kama mtu anayemkaribia ng'ombe asiyemjua, akaweka kiganja ukutani. Plasta. Imekauka vizuri, haiachi hata unga mkononi.

Jina la Timazi alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu ya timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma ambao haukumtoka mfuko wa shati. Akiingia nyumba yoyote ataushusha ukutani, aone kama ukuta umesimama wima. Hata msibani aliwahi kuushusha. Watu wanalia, yeye anamnong'oneza jirani yake: "Ukuta huu umelala kidogo." Kwa kazi hakuwa na mpinzani. Alijenga madarasa, maduka, nyumba za ghorofa za watu wenye nafasi zao. Ila kwake mwenyewe, mganga hajigangi. Miaka kumi na tisa familia yake iliishi ndani ya matofali ambayo hayajapigwa chochote, dirisha la chumbani limezibwa kwa kipande cha bati, na kila mwaka ana neno lilelile kwa mkewe: "Nikimaliza kazi hii tu, Mama Pacha, naanza ya kwetu." Kazi hiyo inaisha, nyingine inaita, na Mama Pacha anaendelea kufagia vumbi la matofali kitandani.

Safari hii alikuwa amekaa miezi mitatu mji wa mbali, akijenga ghala. Watoto wao wawili wa kike, wale pacha, walikuwa shule ya bweni. Mama Pacha alibaki peke yake, na asubuhi na mapema alikwenda kazini kwake, hospitali, kwenye chumba cha kufulia mashuka.

Timazi alifungua mlango kwa ufunguo wake. Sebule nayo ilikuwa na plasta. Akaingia chumbani, nako hivyohivyo, na dirisha lina kioo. Akaangalia juu, akaangalia chini, akajikuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, begi bado begani.

Fikra ya kwanza iliyomjia haikuwa shukrani. Ilikuwa swali: ni mwanamume gani ameshinda ndani ya nyumba hii miezi mitatu?

Akainuka kumtafuta ukutani. Asiyejua ujenzi huona plasta zote ni moja, lakini kila fundi ana mkono wake, kama mwandiko. Yupo anayebonyeza sana, yupo anayeacha mawimbi, yupo anayechoka akifika karibu na dari. Timazi alitoa uzi wake, akaushusha. Ukuta ulikuwa wima. Akapitisha kiganja kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha akafika kwenye kona ya dirisha, kiganja kikasimama.

Kona ilikuwa ya mviringo. Mafundi wote wa mji wao waliziacha kona za madirisha zikiwa kali. Yeye peke yake alizilainisha kwa chupa tupu ya soda, akiiviringisha juu ya plasta ikiwa bado mbichi, kama alivyofundishwa na marehemu mjomba wake. Alikuwa akijisifia jambo hilo kila anapokwenda. Na sasa huyu hapa mtu mwingine, ndani ya chumba chake cha kulala, ana mkono wake.

"Mrefu," alisema kwa sauti. Mrefu alikuwa mwanafunzi wake zamani. Waligombana wakaachana kwa ubaya, na kila mmoja akashika njia yake.

Hakunawa, hakunywa maji. Alikwenda mpaka mtaa wa tatu, ambako Mrefu alikuwa juu ya jukwaa akijenga duka.

"Shuka!" Timazi alimwambia. "Shuka uniambie nani alikupa ruhusa ya kuingia nyumbani kwangu!"

"Salamu kwanza, Fundi."

"Salamu utaipata baadaye. Umenipigia plasta nyumba nzima nikiwa safarini, unataka kunionyesha nini?"

Mrefu alishuka, akafuta mikono kwenye suruali. Alionekana kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Mimi? Plasta nimeiona, napita pale kila siku. Nikadhani umerudi kimyakimya."

"Kona zimepigwa chupa!"

Hapo Mrefu naye akashtuka. "Chupa? Fundi, chupa hukunifundisha. Ulinifukuza kabla hatujafika huko. Angalia kazi yangu hii."

Timazi aliangalia. Kona za duka zilikuwa kali kama makali ya kisu.

"Basi ni nani?"

"Si umuulize shemeji?" Mrefu alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

Alipofika nyumbani, Mama Pacha alikuwa amekwisharudi, amekaa kwenye kigoda anavua viatu. Uso ukamng'aa. "Baba Pacha! Umekuja bila hata kusema? Ngoja nikupe maji, umeungua na jua."

"Ni nani?"

"Nani yupi?"

"Aliyepiga plasta. Nataka jina lake."

Mama Pacha alimtazama kidogo, akaona mume wake anatetemeka kidevu. Kicheko kilichokuwa kinamjia akakimeza. Akanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu. Vilikuwa vimepasuka, kucha zimelika, na kwenye kidole gumba kulikuwa na sugu ambayo Timazi aliijua vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa nayo palepale.

"Usinitanie," alisema.

"Sikutanii."

"Mama Pacha, nimetoka safari. Usinitanie."

"Haya, njoo huku nyuma."

Nyuma, ukuta wa jikoni ulikuwa bado mtupu, umebaki peke yake. Mama Pacha alifunga kitambaa kichwani. Akaumwagia ukuta maji, akausubiri unywe. Akachanganya mchanga na saruji kwa beleshi, akageuza mara tatu, akafanya shimo katikati, akatia maji. Kisha akatoa mwiko kwenye ndoo. Timazi aliutambua: mwiko wake wa zamani aliokwisha kuutupa, mpini umevunjika, umezungushiwa kitambaa na kufungwa kwa waya. Mkewe akachota, akakunja kiwiko, akarusha. Pa! Akachota tena. Pa! Udongo ule wa saruji ulishika ukutani bila kudondoka hata punje.

Timazi alilitafuta karai, akaligeuza, akalikalia. Ule mkunjo wa kiwiko, ile namna ya kugeuza mwiko kabla haujafika ukutani, vilikuwa vyake. Ni kama kuona nguo yake imevaliwa na mtu anatembea nayo barabarani.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

Mama Pacha hakuacha kazi. "Kabla ya pacha. Ulipokuwa huna uwezo wa kuajiri kibarua, karai lako lilikuwa linabebwa na nani? Mwaka mzima na miezi, Baba Pacha. Mpaka tumbo likawa kubwa nikashindwa kupanda ngazi. Nikileta karai, nasimama nakungoja ulimalize. Unafikiri nilikuwa nimefumba macho?"

Timazi alikumbuka sasa. Alikumbuka kile kivuli kilichokuwa kikipanda na kushuka nyuma yake, yeye akinyoosha mkono bila kugeuka na udongo upo tayari. Kwa miaka yote alipowasimulia watu jinsi alivyoanza kazi, alisema alianza peke yake. Na aliamini.

"Si kwamba ilikubali siku ya kwanza," mkewe aliendelea. "Ukuta wa chumbani ulianguka wote. Niliupiga mnene, tena mkavu. Natoka kazini, nakuta plasta imelala kitandani, imejifunika na shuka. Wa pili ukapasuka kama visigino. Niliubomoa mara nne. Mshona viatu akaja kuniuliza kama kuna ugomvi ndani, maana kila siku anasikia nyundo."

"Sasa kwa nini hukuningoja?"

Mwiko ukasimama. Mama Pacha akautazama ukuta, hakumtazama yeye.

"Likizo iliyopita pacha walikuja na mwenzao wa shule. Mtoto mzuri, ana adabu. Alikaa, akanywa chai, akaangalia huku na huku. Halafu akaniuliza, 'Mama, mtahamia lini?' Alidhani tunalinda nyumba ya watu inayojengwa. Wanao walicheka, Baba Pacha, lakini yule mkubwa alitoka nje akakaa huko mpaka mwenzao akaondoka."

Timazi aliyapokea maneno hayo kama kofi. Na kama afanyavyo mtu aliyepigwa kofi, akarudisha bila kufikiri. "Kwa hiyo ukaamua kunivua nguo mbele ya mtaa mzima! Fundi Timazi, nyumba yake imepigwa plasta na mwanamke. Kesho nitapita wapi?"

"Iliyokuwa uchi ni nyumba," Mama Pacha alisema taratibu. "Miaka kumi na tisa."

Akachota udongo, akarusha. Pa!

Timazi aliingia ndani. Alitoa ule uzi wake akaanza kupima kuta moja baada ya nyingine, sebule, chumbani, chumba cha watoto, juu ya milango, pembeni mwa madirisha. Alikuwa anatafuta kosa. Alitafuta mpaka jua likaanza kuelemea upande wa saluni, na mwisho akalipata: nyuma ya mlango wa chumbani, ukuta ulikuwa umetoka nje unene wa kidole. Furaha ikampanda kifuani, furaha kabisa, kama ya mtu aliyeokota kitu. Kisha akajiona alivyo, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, amejibanza nyuma ya mlango, anafurahia kosa la mkewe. Aibu iliyompata hapo haikuwa ya mtaa tena.

Alitoka nje. "Nyuma ya mlango umekosea," alisema, lakini sauti ilikuwa imepoa.

"Najua. Hapo ndipo nilipoanzia."

"Upana wa kidole tu."

"Najua, Baba Pacha. Nimekuachia wewe."

Hakulirekebisha kosa hilo siku hiyo wala iliyofuata. Wiki mbili hakukaa sawa. Alikuwa akiongea atasita katikati ya sentensi, amtazame mkewe anavyokunja shuka au anavyomimina chai, kama mgeni aliyeingia nyumba ambayo alidhani anaijua. Chupa ya soda aliikuta kabatini, imeoshwa, imewekwa na vyombo. Aliishika muda mrefu.

Halafu msusi akavuka barabara. Timazi alikuwa amekaa mlangoni, akainuka kumpokea, maana alijua saluni ina ukuta unaomeguka. Msusi alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za safari, kisha akachungulia nyuma ya bega lake.

"Mama Pacha yupo? Namtafuta anipigie plasta."

Timazi alisimama pale kama nguzo. "Unamtafuta... yeye?"

"Nimeona kazi yake kwa macho yangu, tangu ya kuanguka mpaka ya kusimama. Wewe una kazi kubwa kubwa, Fundi, ukuta wangu utaungoja mpaka nizeeke."

Ilikuwa kweli tupu.

Jumamosi iliyofuata Mama Pacha hakuwa na zamu hospitali, akachukua ndoo na mwiko wake wa waya, akavuka. Timazi alibaki nyumbani akijifanya kunoa msumeno. Alisikia ukuta unamwagiwa maji. Alisikia beleshi linagonga sakafu, likanyamaza, likagonga tena. Mkewe alikuwa anachanganya mwenyewe, anabeba mwenyewe, anapanda kigoda mwenyewe. Alivumilia kwa muda. Mwisho akauweka msumeno chini, akavuka barabara huku mshona viatu akimtazama wazi wazi, akainua pazia la shanga.

Alichukua beleshi kutoka mkononi mwa mkewe. Mama Pacha akapanda kigoda.

Timazi alichanganya, akajaza karai, akalinyanyua mpaka usawa wa kiuno chake. Mama Pacha alichota kidogo, akasugua kwa kidole gumba, akaurudisha ndani.

"Mchanga umezidi."

Timazi akamkodolea macho. Miaka thelathini ya ujenzi, hakuna aliyewahi kumrudishia karai. Msusi aliacha kufagia. Kisha Timazi akaingiza vidole vyake kwenye udongo, akausugua, akaunusa, akausugua tena.

"Kweli," alisema. "Umezidi."

Akalishusha karai chini, akaenda kuongeza saruji.